Chukua Tu: Maelezo Kuhusu Risasi ya Ukuta wa Mawe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lusekelo Mwambene
Umri: Miaka 54
Kazi: Msaidizi wa maktaba, chuo cha jamii, Annandale
Makazi: Sterling, Virginia
Yametolewa: Kituo cha polisi, Sterling, Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, kuanzia saa 3:10 asubuhi

Natoa maelezo haya kwa Kiswahili kwa matakwa yangu mwenyewe. Kiingereza ninakijua na ndicho kinachonilisha. Lakini jana afisa alinisomea kwa simu tafsiri ya ujumbe wangu wa maneno manne, na katika maneno hayo manne moja lilikuwa limekosewa. Nimekuja kulitetea.

Ujumbe wenyewe unasema: "Chukua tu, bwana mwindaji." Umetafsiriwa kana kwamba nilitoa ruhusa. Afisa ameniomba nianze mwanzo na nifuate mpangilio wa siku, nami nitafanya hivyo.

Familia saba za kwetu, Wakenya, Wakongo, Warundi na mimi Mtanzania mmoja, tumekodi ekari mbili kwa bibi mmoja aitwaye Lorraine, kwenye barabara ya kwenda Lovettsville. Tunalima mboga ya managu, maharagwe na mchicha ambao Wakongo huuita lengalenga. Upande wa magharibi wa shamba kuna ukuta wa zamani wa mawe makavu, unaofika kiunoni. Chini ya ukuta huo anaishi mnyama mnene wa manyoya ambaye Wamarekani humwita nguruwe wa ardhini, ingawa si nguruwe, na sisi humwita pimbi, ingawa si pimbi. Mwaka jana alikula maharagwe yote. Mwaka huu alianza na miche.

Mnamo tarehe 12 Aprili, Jumamosi, saa 9 alasiri, tulikutana nyumbani kwa Peterson Kimutai hapa Sterling. Peterson ana miaka 41, Mkenya, fundi wa mitambo ya kupoza hewa kwenye majengo ya kompyuta. Ni yeye peke yake kati yetu mwenye leseni ya kuwinda. Bibi Lorraine alikuwa ameruhusu bunduki. Kilichobaki kilikuwa kuchagua risasi, kwa sababu bunduki hufuata risasi: ukishachagua risasi, bunduki umeichagua.

Mimi nilikuwa nimesoma kwa wiki tatu. Sijawahi kushika bunduki, na sikulificha hilo. Nilieleza kwamba risasi namba 223 ina nguvu ya kuvuka shamba letu na la jirani, hivyo tuiache. Zilibaki mbili ndogo, namba 17 na namba 22 ya kawaida. Watu hudhani kwamba yenye mwendo mdogo ndiyo ya amani. Si kweli. Ile ya 22 ni nzito zaidi na haina kasi. Ikigonga jiwe haivunjiki, inaruka na kushika njia nyingine. Ile ya 17 ni nyembamba kuliko penseli, nyepesi, na inakwenda kasi mara mbili. Ikigonga kitu inasambaratika. Kwa shamba lenye ukuta wa mawe na watu wanaopalilia, nilisema, jibu ni 17.

Peterson alisema babu zake waliua wanyama wakubwa kuliko huyo kwa mshale, na kwamba 22 inapatikana kila duka. Nikamjibu kuhusu babu zake, na nilichosema hakihusiani na kesi hii. Akaniambia mbele ya wote, "Profesa, wewe maisha yako yote umewinda nini, kando na makosa ya watu?"

Walicheka sana. Profesa ni jina la utani walilonipa wao.

Wakati huo Ineza Nyandwi aliuliza swali. Ineza ana miaka 36, ametoka Uvira, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Husema Kiswahili cha kwao. Aliniambia, "Papa Profesa, ile masasi yenye inakosa, inaendaka wapi?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa alasiri ile. Nilikuwa na jibu lake mfukoni, nimeliandika, na mchoro juu. Lakini nilikuwa nimetoka kuchekwa, nikatafuta wa kumcheka. Nikamwambia, "Dada, ni risasi, si masasi. Na Kiswahili hakina 'inaendaka'." Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Ineza naye alicheka kidogo, akaenda jikoni kusaidia vyombo. Sikumjibu.

Tulipiga kura. Namba 17 ilishinda kwa mikono mitano kwa miwili. Peterson akakubali kwenda kununua.

Mnamo tarehe 26 Aprili, Jumamosi, saa 5:14 asubuhi, nikiwa kazini Annandale, nilipata ujumbe wa Peterson kutoka dukani. Simu yangu iko mezani kwa afisa, lakini nausema kwa sababu ninaukumbuka: "Profesa, bunduki ya 17 wameishiwa. Iko ya 22 pekee. Ni sawa kwa ule ukuta wa mawe?"

Naomba iandikwe kwamba aliuliza. Tena aliuliza kuhusu ukuta. Kwa hiyo alikuwa amenisikiliza.

Maktaba haikuwa na mtu kwenye dirisha langu la kuazimisha vitabu. Nilikuwa na nafasi ya kuandika "hapana", au "subiri". Badala yake niliandika, "Chukua tu, bwana mwindaji." Akajibu kwa picha ya kidole gumba.

Sasa nasema kuhusu neno "tu". Mwenye duka akikuambia "chukua tu", anakukaribisha. Mama aliyechoka, mtoto anang'ang'ania kisu, naye akimwambia "chukua tu", hamkaribishi. Anamwambia, jikate, ndipo utasikia. Mimi nilitumia lile la mama. Mkalimani wa jana akaandika lile la mwenye duka. Hilo ndilo kosa nililokuja kulisahihisha, na ninalisimamia.

Lakini mama husema hivyo akiwa amesimama karibu, na mkono wake tayari. Mimi niliandika nikiwa mbali, nikarudi kupanga vitabu, na nikajisikia vizuri hadi jioni.

Mnamo tarehe 3 Mei niliona kiboksi cha risasi juu ya boneti ya gari la Peterson shambani. Nilisoma namba. Peterson aliniona nikisoma. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Afisa ameniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ikose. Nilitaka apige mbele ya watu, akose, pimbi arudi shimoni, nami nipate zamu yangu ya kucheka. Nimeisema sentensi hii polepole ili mkalimani aipate yote.

Mnamo tarehe 17 Mei, Jumamosi, tulikuwa watu sita shambani. Saa 12:40 jioni, jua likiwa bado juu, pimbi alitoka karibu na kona ya ukuta. Peterson alilala kifudifudi kwenye nyasi, hatua kama sitini kutoka ukutani. Alipaza sauti kwamba watu wakae nyuma yake, na mimi nilikuwa nyuma yake. Ineza alikuwa kulia, mbali na mstari wa bunduki, kwenye tuta la lengalenga, ameinama, na kofia imemfunika masikio. Hakuna aliyemtazama, hata mimi. Peterson alipaswa kutazama kabla ya kufyatua, na hilo siwezi kumwondolea.

Alipiga mara moja. Nilisikia mlio, kisha jiwe, kisha sauti nyembamba kama ya mbu, iliyokwenda kulia. Pimbi hakuguswa. Nakiri kwamba mdomo wangu ulikwisha kufunguka kucheka.

Ineza aliketi chini kwenye tuta. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika upande wa kushoto wa uso wake kwa viganja viwili. Peterson alitoa risasi bundukini, akaiweka chini, akakimbia akivua shati. Ndiye aliyemshika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika saa 1:05. Mimi nilisimama.

Kuanzia jana asubuhi kikundi chetu cha simu kimejaa watu wanaosema ni ajali, ni jaribu, Mungu ana makusudi. Nimewajibu kwamba Mungu hakuwa dukani tarehe 26 Aprili na hakuwa dirishani kwangu maktaba. Wamenitoa kwenye kikundi. Sikubali neno ajali. Ajali ni jambo ambalo hakuna aliyelijua. Hili lilijulikana, na aliyelijua ni mimi.

Jana Jumapili saa 8 mchana nilimtembelea Ineza hospitalini. Jicho la kushoto limetolewa. Wazee anaowatunza wamekwisha kupangiwa mtu mwingine. Alinikaribisha niketi. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Papa, siku ile nilikuuliza masasi yenye inakosa inaendaka wapi. Ulinijibu nini? Nimesahau."

Nilimwambia apumzike.

Mke wa Peterson alinipigia leo asubuhi kabla sijatoka. Alisema kwamba mumewe hajawa raia, kwamba kesi ya bunduki itamrudisha Kenya, na kwamba mimi najua maneno, hivyo nichague vizuri. Nimechagua. Peterson aliwaambieni kwamba aliniuliza mimi akaambiwa achukue. Ni kweli. Aliyefyatua ni yeye. Aliyejua risasi hiyo itafanya nini kwenye ukuta ule, akaulizwa na watu wawili kwa siku mbili tofauti, akamjibu mmoja kwa kejeli na mwingine kwa sarufi, ni mimi. Sheria ikiwa na jina la kosa hilo, liandikwe. Ikiwa haina, maelezo haya yabaki kwenye faili la Peterson.

Jibu la swali la Ineza ni hili: inagonga jiwe, haivunjiki, inageuka, inaendelea mpaka imkute mtu. Nilikuwa nalo tangu tarehe 12 Aprili.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa yote, na sina la kupunguza.

Sahihi: L. Mwambene

Maandishi ya afisa: Maelezo yametolewa kwa hiari, yameandikwa na mkalimani Bi. Edna Makena na kusomwa kwa shahidi saa 5:25 asubuhi. Shahidi hakuomba tena tafsiri ya ujumbe wa simu ibadilishwe. Wakati wa kumsomea, mkalimani alipendekeza neno "masasi" katika maneno ya Bi. Nyandwi lisahihishwe liwe "risasi". Shahidi alikataa. Limeachwa kama lilivyosemwa.

Afisa Audrey Hensley