Hajafa Huyu, Amezirai

Bukoto, Kampala
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Baba yangu mpenzi, Sajini mstaafu Oola,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha kamba, redio imeshika vizuri na goti limetulia. Mama ameniambia kuwa mvua ikinyesha goti bado linakusumbua, na kwamba umekataa katakata kurudi hospitali kwa sababu eti daktari ni mdogo kuliko viatu vyako. Nenda tu, Baba, hata watoto siku hizi wanajua magoti. Mimi huku ni mzima, nakula vizuri, na nyumba niliyopanga haivuji tena tangu mwenye nyumba alipopata aibu kidogo. Kitu ninachokosa ni samaki wa Mama na kelele zako.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu ukishauliza kama nimekula unampa Mama, na haya ninayotaka kusema yanahitaji usinikatize. Mama anajua barua inakuja ila hajui yaliyomo. Naandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile ulichokitoa jeshini na Mama akakipiga pasi kwa kile cha babu zake wa Kisugu. Soma taratibu, na ukifika katikati ukataka kuichana, tafadhali imalize kwanza.

Naanza na furaha, maana ninayo nyingi. Unakumbuka nilipokuambia nimeajiriwa kutengeneza gemu za kompyuta, ukasema hukumsomesha mtoto chuo kikuu ili akacheze? Basi gemu yetu imekamilika, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza. Inaitwa Vilima Saba. Humo ndani ziwa limepanda na kuimeza Kampala. Nakivubo yote ni maji, mabango ya maduka yanaonekana chini kabisa, na watu wachache waliobaki wanaishi juu ya vilima, wakipanda mihogo kwenye viwanja vya magari. Mchezaji anaanza Kisugu akiwa na mtumbwi, ndoo na jembe, na kazi yake ni kuishi mpaka kesho. Nimeiweka hata ngazi ya nyumba ya bibi, ile yenye kigae kilichovunjika.

Bosi wetu, Rumaisa, ni mwanamke asiyependa mambo nusunusu. Alisema dunia iliyoharibika haiaminiki mpaka tujue watu wake walikuwa wakiburudika na nini kabla haijaharibika. Kwa hiyo akataka ukumbi wa sinema juu ya kilima kimoja, na filamu zake ziwe za dunia ile yenyewe, filamu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzitengeneza. Mchezaji aokote mikanda kwenye magofu, aipeleke kilimani, na wote waliobaki waje kutazama pamoja. Kazi ya kubuni filamu hizo akanipa mimi.

Siku tatu nilikaa mbele ya kompyuta sina hata jina la filamu moja. Siku ya nne nilikuwa namenya matoke ya mchana, mikono imejaa utomvu, ndipo nikakusikia. Nilikusikia kabisa, Baba, kwa sauti ile ya kibandani: “Koplo huyu mnamwona? Huyu ndiye ameazima sufuria ya jirani mwaka wa kumi sasa!” Nikacheka peke yangu jikoni, nikaacha ndizi, nikaenda kuandika na utomvu wangu. Mpaka leo herufi mbili za kompyuta ya kazini zinanata.

Nani mwingine kambini alikuwa na kibanda cha video kama chako? Mikanda ilikuja kwa Kiingereza, Kihindi na Kichina, na wewe ulikaa kando ya televisheni na maikrofoni yako iliyofungwa plasta, ukiwatafsiria askari na familia zao kwa Kiswahili, kama watafsiri wa vibanda vya mjini wanavyofanya kwa Kiganda. Tofauti yako na wao, nasema kwa heshima zote, ni kwamba hukuelewa hata neno moja. Ulipunguza sauti ya wenyewe, ukawatazama nyuso, ukatunga. Wachina waliporuka juu ya mapaa na panga, ulituambia wanagombania sufuria. Wazungu walipogandishwa na baridi mlimani, ulisema Bwana Theluji ameposa binti yao akakataliwa. Na kila jambazi, awe wa Bombay au wa Marekani, alikuwa na jina la yule mtunza ghala aliyewapunja sukari. Watu walitoka pale wakishika mbavu.

Basi zote nimeziweka kwenye gemu. *Koplo Arudisha Sufuria* ipo, ina bango lake jekundu kwenye ukuta wa kanisa lililobomoka. *Bwana Theluji Amekasirika* ipo, mkanda wake umefichwa ndani ya friji linaloelea. *Arusi Mbili za Fundi Saa* ndiyo ngumu kuliko zote kuipata, na vijana wanaipigania. Siku ya Uhuru, Alhamisi iliyopita, tulifungua milango hapa Bukoto watu waje kujaribu, na foleni ilifika kwa muuza rolex, zile chapati za mayai, wa kona. Nilisimama nyuma nikaona wachezaji wanaacha vita, wanaacha hata mihogo yao iliwe na panya, wanapanda kilimani kukaa kutazama filamu zako. Kijana mmoja alinifuata akasema tuache uchoyo, tumwonyeshe ile ya sufuria yote nzima, kwa sababu bibi yake aliwahi kuiona zamani. Baba, filamu hiyo haijawahi kuwepo! Nilijisikia kifua kimekuwa kipana kama mlango. Nilitaka kupanda juu ya meza niwaambie wote kwamba mtunzi ni baba yangu, yuko Gulu na ana goti bovu.

Sasa lile jambo lililobaki. Katika dunia ya gemu sauti za mikanda zilikufa na maji, picha tu ndizo zilizopona. Ndiyo maana kando ya pazia la sinema anakaa mzee mmoja na maikrofoni, naye ndiye anayewaeleza watu kinachotokea. Mpaka sasa mzee huyo hana sauti, maneno yake yanasomwa tu chini ya picha. Rumaisa amesikiliza waigizaji kumi na mmoja na kuwakataa wote. Anasema wanasoma vizuri lakini hawaamini wanachosema. Akaniuliza maneno haya nimeyatoa wapi. Nikamwambia, na tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi kama nimekwisha kukupigia.

Sijakupigia, Baba, kwa sababu kabla ya kukuomba sauti yako ninalo la kukiri. Hapa ndipo nakuomba uketi vizuri.

Mwaka 2001 nilikuwa na miaka kumi. Ulionyesha ile filamu ya vita, ambayo askari mwema anapigwa risasi karibu na mto. Jirani yetu Atoo alikuwa mbele kabisa na mtoto mgongoni, na miezi mitano ilikuwa imepita bila habari za mumewe aliyekuwa msituni vitani. Askari alipoanguka, wanawake wakaanza kulia. Ukashika maikrofoni ukasema, “Hajafa huyu, amezirai. Jamani msilie, kesho anapewa dripu, Jumatatu anarudi kazini.” Atoo akapiga makofi, akacheka huku anajifuta macho. Kabla ya mazishi kuonekana ukazima mashine na kuisingizia jenereta.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya spika. Mwezi ule nilikuwa nimepata zawadi ya Kiingereza shuleni, na nilimsikia daktari wa kwenye filamu akisema wazi kwamba mtu huyu amekufa. Kesho yake bombani, wakati tunapanga madumu, nikamwambia Bonny, mtoto wa kapteni, kwamba Baba anawadanganya watu na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilitaka tu kujisifu. Nilitaka Bonny, mwenye viatu vya ngozi, aone kwamba mtoto wa sajini naye anajua Kiingereza.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jumapili yake kapteni aliingia kibandani, akaamuru sauti iongezwe na mkanda uwekwe pale pale mtoni, akawatafsiria watu mwenyewe mpaka kaburini. Watu walikucheka. Atoo hakucheka, aliinuka na mtoto wake akatoka. Ukaiweka maikrofoni mezani, ukakunja waya wake vizuri, ukasema, “Asanteni kwa kuja.” Hukutafsiri tena filamu, wala hukutunga tena hata hadithi ya kutulaza sisi watoto.

Na ukamhukumu Odoch, karani, rafiki yako wa tangu mafunzo, kuwa ndiye aliyekuchongea kwa kapteni, kwa sababu ukimtoa kapteni yeye pekee pale kibandani ndiye aliyejua Kiingereza. Hukumjibu salamu tena. Siku tulipohamia Gulu alikuja kuaga, ukabaki chumbani. Mimi ndiye niliyempa maji ya kunywa sebuleni. Nilimtazama anakunywa yote, nikapokea glasi, nikaenda kuiosha. Ni mimi, Baba. Hakuwa Odoch hata siku moja. Nimelibeba miaka ishirini na minne na nimeona haya kila ulipolitaja jina lake kwa ubaya.

Mume wa Atoo hakurudi, tunajua. Lakini Mama aliwahi kuniambia kwamba Atoo husema ile wiki moja, kati ya filamu yako na kuja kwa kapteni, ndiyo aliyolala usingizi. Mimi ndiye niliyeikatisha. Nikiwa mtoto niliona ulikuwa unadanganya. Leo hii ndiyo kazi yangu, nalipwa kwa kuifanya, na bado sijaweza kuifanya vizuri kama wewe ulivyoifanya kwa Atoo.

Odoch nimemwona. Mwezi wa nane nilikwenda Nakivubo kutafuta maikrofoni ya zamani ili wachoraji wetu waiige, nikaelekezwa kwa mzee anayetengeneza redio, na mzee mwenyewe ndiye yeye. Amezeeka, anavaa miwani miwili kwa pamoja. Kabla sijakaa aliniuliza wewe, Baba, unaendeleaje siku hizi. Nikashindwa kujizuia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama palepale na watu wanapita. Akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu alikuwa anapita bombani akatusikia mimi na Bonny. Nikamuuliza kwa nini basi hakujitetea. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake, “Wewe ulikuwa mtoto tu. Mimi kama nasema ni wewe, baba yako anachapa wewe, na kibanda inafungwa tu. Sasa faida iko wapi?”

Halafu akatoa bati la biskuti chini ya meza. Ndani mlikuwa na maikrofoni yako, na plasta ile ile. Siku ile ulipotoka aliichukua ili kapteni asiitupe. Ameutengeneza waya wa ndani lakini plasta hakuigusa, anasema ungeikataa. Sasa iko mezani kwangu ninapoandika.

Tunafunga kazi ya sauti tarehe ishirini ya mwezi ujao. Nakuomba uje ukae kwenye kile kiti. Usipotaka, sitakulaumu, mzee wa gemu atabaki bila sauti, na Rumaisa nitajua la kumwambia. Ukitaka kwanza kunichapa, nitakupigia magoti mlangoni, ingawa na goti lako sijui nani ataanza kuomba kiti. Ninachokuomba kwa nguvu zaidi ni hiki kimoja: hata kama hutakuja, mpigie Odoch. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

Ujue pia kwamba uje usije, gemu ikifika mwisho majina yote yanapita, na la kwanza kabisa, kabla ya la Rumaisa na la kwangu, linasomeka hivi: Filamu zote zimetungwa na Sajini Oola. Hilo limekwisha andikwa na halifutwi. Na katika filamu ya vita, askari anaanguka karibu na mto, mazishi hayapo, kwa sababu mkanda unaishia pale ulipouzima wewe.

Nisalimie sana Mama yangu Habibah, mwambie shali aliyonitumia nimeipata. Nisalimie majirani wote, na ukimwona Atoo umpe mkono wangu. Odoch naye anakusalimu. Anasema tangu mwaka ule amekuwa akikutumia salamu kwa kila mtu anayemjua anayepanda basi la Gulu, na hajui kama hata moja ilifika. Hii naileta mimi, niliyezizuia nyingine.

Ni mimi mwanao, ninayejivunia wewe,

Salme Alanyo