Nimemfufua Mtoto wa Televisheni, Sasa Wakwe Zangu Hawasemezani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada naomba niruhusiwe kutangaza rasmi, mbele ya wasomaji wote walioko Maskati na kwengineko, kwamba kuanzia Jumapili iliyopita nimejiuzulu wadhifa wangu wa mkalimani mkuu wa televisheni katika nyumba ya wakwe zangu hapa Wattaya, wadhifa ambao sikuuomba, haukuwa na mshahara, nimeushika tangu niolewe, na naomba umma usinishawishi nirudi.

Sasa nieleze. Mama mkwe wangu, nitamwita Bi Mahbuba, kazaliwa Unguja kama wenzake wanaokuja kukaa naye kila siku baada ya alasiri, na Kiarabu cha hapa Oman wanakijua sana, wanagombana nacho na muuza samaki mpaka samaki mwenyewe anaona haya, lakini hizi tamthilia za Kituruki zimetiwa sauti za Kishami, Kiarabu cha watu wa Syria, watu wanasema mbio, na masikio ya bibi zangu siku hizi hayakimbii, basi kazi yangu ni kukaa kwenye zulia karibu na televisheni nikiwaambia kwa Kiswahili nani kasema nini na nani anastahili kulaaniwa.

Msimu huu tulikuwa na Raghad, mtoto wa miaka saba, basi la shule limepinduka, kalazwa hospitali na mashine ndiyo inayompumulia, mama yake anasema mashine isiguswe, baba yake anawasikiliza madaktari wanaosema ubongo umeshakufa na hapo pana mashine tu, na wiki nzima nzima zikapita wazazi hao wamekaa kwenye ukumbi wa hospitali wanalia, na sisi tumekaa kwenye makochi tunalia nao. Bibi zangu wakamtia Raghad kwenye dua zao. Bi Fajr, jirani yetu, alinifuata mpaka jikoni kuniuliza jina khasa la mama yake Raghad ni lipi, dua isipotee njia. Wakapika pilau ya sadaka wakaipeleka msikitini, na watu wa msikitini wakaila pilau ya mtoto wa televisheni bila ya mmoja kuuliza mgonjwa ni nani.

Ikafika siku yenyewe, baba akakubali, mashine ikazimwa, na mimi nikageuka kuwatazama bibi zangu, tasbihi zimesimama mikononi, na Bi Mahbuba kaushika mkono wa kochi mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na mimi najua, kwa sababu nyumba nzima inajua ingawa haisemwi, kwamba yeye na baba mkwe wangu, Mzee Harub, walimzika mtoto wa umri huohuo, Safwan, zamani, kabla mume wangu Saeed hajazaliwa, na kwamba yule naye alikuwa kwenye mashine. Basi mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mama kakataa, kawaambia wasiiguse mashine, na mtoto keshaanza kupumua mwenyewe. Kwenye kioo mama wa watu anagaragara sakafuni. Nikasema hiyo ni furaha.

Mshauri, sijawahi kusikia vigelegele kama vile hata kwenye harusi yangu. Kijana wa duka la magari ng'ambo ya barabara alitoka nje kutazama nani anaoa. Bi Fajr alisujudu sijida ya shukurani palepale, na ilibidi tumwinue watu wawili.

Kesho yake kwenye tamthilia kukawa na maziko. Nikasema aliyekufa ni mwenye nyumba wanayokodi. Wakasema Mola amrehemu, kisha mmoja akauliza mbona jeneza dogo, nikasema alikuwa mtu mfupi. Mama akawa anabusu nguo za Raghad, nikasema Raghad kapelekwa Ujerumani kusoma na mama yake anamkumbuka, wakauliza mbona nguo kaziacha, nikasema kule baridi, wamemnunulia nyengine nzito. Baba akafukuzwa nyumbani, nikampeleka umra. Na kila nikiongopa sifa zinazidi, wanaambiana Kiarabu kimenipanda, wakaanza kuja mabibi kutoka Mabela wanaletwa na wajukuu zao kuja kusikia habari za kupona kwa Raghad, na halwa wananiletea, nami, nikwambie kweli, nilikuwa nikiila.

Kisha siku moja nnaosha vikombe, Bi Mahbuba kasimama nyuma yangu, akasema polepole, "Kumbe mama akikataa, mtoto huishi. Mimi sikuulizwa."

Tangu siku ile hali sinia moja na mumewe. Kahamia chumba cha wajukuu. Mzee Harub hatazami televisheni, yeye habari zake ni redio na mchezo wa karata, hajui kilichompata mkewe, mpaka juzi kwenye chakula cha mchana akamwuliza mbele yetu sote kamkosea nini, na Bi Mahbuba akamjibu, "Ulimzima mwanangu kama taa. Mwenzake Raghad kapona, yuko Ujerumani anasoma." Mzee akauliza Raghad ndiye nani, na sote tukainamia sinia.

Akainuka, akatoka nje, akakaa ndani ya gari lake lililomo uani, ambalo wanawe walishamkataza kuliendesha. Saeed karudi kutoka kazini Rusayl jioni kamkuta bado yumo. Sasa kila siku baada ya chai ya asubuhi anakwenda kukaa mle. Na mimi, mshauri, nikisema kweli nitamuua Raghad mara ya pili mbele ya mama wa watu aliyekwisha fiwa, na nitakuwa kichekesho kutoka Wattaya mpaka Mabela, nikinyamaza nyumba ya watu waliokaa pamoja nusu karne inavunjika kwa ajili ya ulimi wangu. Nifanye nini?

Wako, Khawla (jina si langu), mkalimani mstaafu, Wattaya.

*

Mwanangu Khawla,

Kujiuzulu kwako kumepokelewa. Sasa rudi kazini, kuna kipindi kimoja hujakimaliza.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka kwenye mtu mfupi. Baadaye nikaacha, na nakushauri na wewe uache. Unasema uliongopa kwa huruma. Nakubali, robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa vigelegele na halwa, maana uongo wa huruma husemwa mara moja ukafa, wako wewe umeupeleka Ujerumani ukausomesha.

Ulimwona mama mkwe wako anaogopa mtoto asife. Hukukumbuka kwamba wa kwake alishakufa, na kwamba miaka yote hii kitu kilichomwezesha kulala karibu na mumewe ni kujua kuwa hapakuwa na la kufanya. Hicho ndicho ulichomnyang'anya. Mtoto wa watu umempa uhai, mzee wa watu umempa kesi ya mauaji, na hukumu imetoka hata mshitakiwa hajajua shahidi ni nani.

Unaogopa kumuua Raghad mara ya pili. Raghad ni mtoto anayelipwa alale na afumbe macho. Wakishamaliza kumpiga picha anainuka kwenda kula biskuti. Mwache afe. Mgonjwa uliye naye nyumbani ni yule aliyekaa kwenye gari.

Kesho asubuhi, si alasiri mbele ya baraza lako la kusifiwa, mfuate Bi Mahbuba peke yake. Usimwambie ulikosea kutafsiri, kwa sababu hukukosea, Kiarabu chako kizima. Mwambie "nilisema uongo". Ukishayatamka hayo, funga mdomo, ngoja. Akikutukana usijitetee, na usilie kabla yake, kilio si zamu yako. Halafu tafuta kipindi kilekile, vyote vimo mtandaoni, umwekee, umkalimie neno kwa neno: alivyosema daktari, alivyosema mama, na zaidi alivyosema baba. Usiruke kitu kwa kuona kinauma. Akikwambia rudisha, rudisha.

Usimwite sheikh, usimwite daktari, na nakuomba sana usiitishe kikao cha ukoo, maana atatokea mtu mmoja na la kusema litakalowakaa miaka mingine thelathini. Bibi akitoka kwenda kwa mumewe, usimfuate. Wale lugha yao moja, hawahitaji mkalimani.

Alasiri ikifika, simama mbele ya wale mabibi na ukiri mwenyewe kabla hawajasikia kwengine. Watakusengenya wiki mbili na wewe uko palepale unawamiminia chai. Mimina.

Ile pilau iache. Imeliwa na wenye njaa, na Mungu anajua ilikokwenda sadaka yake.

*

Mpendwa mshauri, nakuandikia tena na mara hii siombi msaada, nataka ushangilie.

Nimefanya kama ulivyosema. Bi Mahbuba alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akasema, "Weka." Nikakiweka kipindi kwenye simu, tukakaa kitandani yeye na mimi, nikakalimu. Daktari kasema ubongo wa mtoto umekufa tangu siku ya ajali. Mama kakataa, kweli alikataa, na kukataa kwake hakukumfungua Raghad jicho. Baba kasema, "Mashine inapumua, mwanangu hayupo. Nisubirini nimsomee kwanza, na mkono wake niachieni mimi." Bi Mahbuba akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema tena rudisha, akaniuliza maneno haya ni ya yule baba au ni ya kwangu, nikamwapia.

Akachukua mtandio wake, akatoka uani, akafungua mlango wa gari, akaingia kando ya mumewe. Sikumfuata, mshauri, miguu yangu haikutoka jikoni, ila jikoni pana dirisha. Vioo vya gari vimefungwa, sikusikia neno. Nilimwona mzee anasema, mzee yule ambaye kwa siku hatoi maneno zaidi ya kumi, anasema na mikono, na mara moja aliuweka mkono hivi, kiganja juu, kama amepokea kitu kidogo. Adhana ya adhuhuri ikawakuta mlemle.

Baadaye tukimenya vitunguu Bi Mahbuba akaniambia mwenyewe. Kwamba Mzee Harub alikuwa kaushika mguu wa Safwan mpaka ukapoa. Kwamba yeye alikuwa nyumbani kalala na homa na mumewe hakutaka aione saa ile. "Miaka yote hii yeye akingoja nimuulize," akasema, "na mimi nikingoja aseme." Akacheka kidogo, akaniambia niwe mwangalifu na kisu.

Mchana ule wakala sinia moja. Alimtolea miba ya samaki kama mtoto mdogo, na mzee akaona haya mbele yetu akala. Usiku chumba cha wajukuu kikarudi kuwa cha wajukuu.

Mabibi nimewaambia. Wakasema wote kwa pamoja, na yaliyosemwa siyaandiki. Wa Mabela wameacha kuja. Bi Fajr kaninunia siku tatu, na si kwa ajili ya Raghad, bali kwa ajili ya yule mwenye nyumba mfupi aliyemsomea Yasini nzima. Siku ya nne akaja, akakaa mahali pake, akaniambia nianze, na nisiongeze chumvi. Basi kujiuzulu kwangu kumetenguka, nimerudi kazini, na kila nikisema jambo la furaha Bi Mahbuba hunitazama juu ya miwani.

Lakini ngoja nikwambie la Ijumaa. Wamemwomba Saeed awapeleke makaburini kwa Safwan, mahali ambapo mama mkwe wangu hajawahi kufika hata mara moja, kwa sababu hakupenda kwenda na mumewe na hakuweza kwenda bila yake. Mzee alivaa kanzu mpya na kofia ya kushonwa mkono, kajitia udi mpaka ngazi zinanukia. Wamekaa nyuma wote wawili kama maharusi, Saeed dereva, mimi mbele, na Bi Fajr kasimama mlangoni kajiziba mdomo kwa mkono asije akapiga kigelegele kwa watu wanaokwenda makaburini. Na njia nzima walikuwa wanamtaja. Safwan alifanya hivi, Safwan alisema vile, mmoja akianza mwengine anamalizia, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa kwa sauti ndani ya nyumba ile, na mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, siku ile ndo kajua kwamba kaka yake alikuwa akiogopa kuku. Bi Mahbuba alicheka mpaka akajifuta macho. Tumeshuka, mzee kamshika mkono, wakatangulia wao, taratibu, vichwa juu, kama watu walioshinda.

Mawe ya makaburi yale hayana majina, na baba mkwe hakumbuki la Safwan ni lipi.