Asubuhi Niliyofagia Kibanda cha Panya

Ufini, kaskazini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Ukonga, goti limetulia, na wale kuku wako hawajaanza tena kutagia kwa jirani. Kwa kawaida hapa ningeandika kwamba mimi sijambo. Leo siandiki hivyo, ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, ungelia, nami ningelia, na mwisho tungekata bila kuambiana kitu.

Anayekuletea barua ni Salha, binti wa Temeke ninayekaa naye hosteli moja. Anakuja likizo kwa wazazi wake. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Mpe chai, na umwite dada Sabina akae karibu yako.

Naogopa, mama. Nalisema mapema ili nisizunguke.

Unakumbuka siku nilipokwambia nimekuja huku kusomea panya? Ukasema, "Yaani Resti, panya wote hawa wa Ukonga hukuwaona, umewafuata Ulaya?" Dada Sabina alicheka mpaka simu ikamdondoka. Basi panya wa huku si kama hao wetu wa darini. Ni wanono, mkia mfupi, masikio yamezama kwenye manyoya, mgongo una wekundu kidogo. Wanaishi msituni, chini ya magogo, na ukimshika mmoja unahisi moyo wake unavyokimbia kiganjani.

Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya mitokondria zao, yaani zile chembe ndogo ndani ya seli zinazoupa mwili nguvu. Mtoto hupewa mitokondria na mama yake tu. Baba hatoi kitu. Kwa hiyo ukizisoma unafuata mama, bibi, mama yake bibi, unarudi nyuma mpaka enzi za barafu. Na panya hawa wa kaskazini wana kisa. Kwa sura ni wa aina moja, lakini mitokondria zao ni za aina nyingine kabisa. Zamani sana madume waliotoka kusini walikutana na majike wa huku, wakazaa. Watoto nao wakazaa na jamaa wa upande wa baba, kizazi baada ya kizazi, mpaka sura ya yule mama wa kwanza ikapotea. Mitokondria zake hazikupotea. Nilipoliona hilo kwenye kompyuta kwa macho yangu, nilitamani baba mkubwa awe pembeni yangu, yeye ambaye kila Krismasi lazima aseme watoto ni wa ukoo wa baba na mama ni mpita njia. Ningemwonyesha panya.

Sasa nikupe habari yenyewe. Majani yalipoanza kupukutika tulikwenda kutega, mimi na Profesa wangu, mama mtu mzima wa rika lako. Tulifikia kibanda cha mbao katikati ya msitu ambacho kilikuwa kimefungwa muda mrefu. Kabla ya safari Profesa alinionya. Hawa panya huingia vibandani baridi ikikaribia, na mkojo na vinyesi vyao vina virusi. Vikikauka vinakuwa vumbi, na vumbi hilo ukilivuta ndiyo umeupata ugonjwa. Usifagie kavu. Mwagia maji ya dawa kwanza, vaa barakoa, kisha futa. Nilisikia, mama, naapa nilisikia.

Tulifika tumechoka, tukala, tukalala. Asubuhi nikawa wa kwanza kuamka. Profesa amelala, mtu mzima na mvi zake, na sakafu imejaa vumbi, majani makavu na vile vipunje vyeusi. Wewe unajua ulivyotulea. Mtoto wa kike hakai ndani ya nyumba isiyofagiliwa huku mkubwa yumo, akiamka akute pachafu. Sikufikiri hata kidogo. Fagio lilikuwa nyuma ya mlango, nikalichukua, nikainama, nikafagia chini ya vitanda, pembeni, nyuma ya jiko, mpaka mlangoni. Vumbi lilipanda kwenye mwanga wa dirisha. Nilipiga chafya, nikajicheka, nikaendelea na wimbo wetu wa kwaya.

Profesa alipofumbua macho alinikuta nimesimama na fagio, najiona mtoto mwema. Nikamwamkia kwa heshima zote. Alivuta blanketi akafunika pua na mdomo, akaninyooshea kidole.

"Toka nje," akasema. "Toka sasa hivi."

Nilidhani nimemkosea adabu! Nilikwenda kusimama nje kwenye baridi nikitafuta kosa langu, na nilipolipata nilikaa chini kwenye majani mabichi kama nilivyo. Alinifuata, akanieleza upya, polepole, kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa. Ugonjwa hauji siku hiyo hiyo. Unaweza kukaa wiki kadhaa mwilini kimya. Wengi wanaougua hupona. Hauambukizi mtu kwa mtu, kwa hiyo usiogope kumshika Salha mkono wala kuishika karatasi hii. Ni homa kali, kichwa, mgongo, halafu unashuka kwenye figo.

Akaniuliza kwa nini nimegeuka rangi.

Mama, tangu tutoke hospitali wewe na mimi hatujawahi kulizungumza hili vizuri, maana ukilianza tu machozi yanakutoka. Wenzangu wote wanaoshika panya hawa wana figo mbili. Mimi nina moja. Nyingine unatembea nayo wewe, inapanda daladala na wewe kwenda kliniki. Nilikuja huku nikiwa mzima wa afya, madaktari wa nyumbani na wa huku wakaniruhusu, na kweli nilikuwa nimeshasahau. Ni kovu tu, nalikumbuka nikioga.

Tangu siku hiyo nimeishi kwa hofu. Najipima joto mpaka Salha akaficha kipimo. Nikiinuka vibaya mgongo ukauma kidogo, najiambia ndiyo hiyo imekuja. Maabara naingia, nafungua kompyuta, naangalia koo zile za panya, akili haipo. Ulinipigia Jumapili ukaniuliza, "Mbona sauti imepoa hivyo?" Nikakujibu ni baridi tu, mama. Ukasema, "Baridi gani hiyo inakula na maneno?" Nilikata simu nikauma mto ili Salha asinisikie.

Juzi homa imekuja kweli. Ilianza kwa kutetemeka darasani. Kichwa kinagonga, kiuno kama kimefungwa kamba, na jana macho yakaanza kuona ukungu, ndiyo maana unaona nimeandika herufi kubwa za mtoto wa chekechea. Leo Salha alinipeleka kwa daktari, kijana mpole tu, akaniuliza maswali huku anaandika. Una ugonjwa wowote? Sina. Unatumia dawa? Hapana. Umewahi kufanyiwa upasuaji? Nikainua blauzi nikamwonyesha kovu la kutoa figo. Aliacha kuandika. Akaniuliza nilimpa nani, nikasema mama yangu. Akasema nitalazwa kesho, nisingojee majibu ya damu.

Kwa hiyo Salha akiondoka na mzigo wake kwenda uwanja wa ndege, mimi nitakuwa naondoka na wangu kwenda wodini. Hali ikiwa mbaya wataniweka kwenye mashine ya kusafisha damu, na daktari anasema mara nyingi ni kwa muda tu, figo ikipumzika inarudi. Anasema mara nyingi. Nilimwomba aseme mara zote, hakukubali.

Sasa nikwambie kinachoniogopesha kuliko homa. Nakujua. Ukisoma hapa utajilaumu mara mbili, kwa figo na kwa fagio. Kwa fagio nakusamehe, malezi yako yameniponza, tutacheka siku nyingine. Kwa figo hakuna cha kusamehe. Lakini pia najua utakachofanya baadaye. Nilipovunjika mkono ulifunga ukaniombea, hukutia kitu mdomoni, hata dawa zako, ukasema huwezi kumeza chochote mwanao yuko kwenye maumivu. Daktari wako alikugombeza kama mtoto. Zile dawa ndizo zinazoufanya mwili wako uikubali figo isiyo yako. Ukiziacha, mwili utaikataa.

Niombee, mama, tena sana. Nipeleke kwenye jumuiya, waambie wanitaje kwa jina. Ila usifunge.

Msalimie dada Sabina, na umwambie namwachia kazi ya kukulinda, asikuonee aibu wala huruma. Msalimie shemeji, mume wake, na wanangu watundu, watoto wao. Mama Fahmi wa dukani mpe salamu zangu za heshima, mwambie dua zake nazo nazihitaji. Baba mkubwa msalimie, ila habari ya ugonjwa asipewe kwanza, ataitisha kikao cha ukoo. Simu yangu itakuwa wazi wodini. Nipigie, na safari hii nitakwambia ukweli hata kama ni mbaya.

Lakini kabla hujanyanyua simu, Salha akiwa bado amekaa hapo mbele yako, meza dawa zako za leo. Kesho meza tena, na keshokutwa, habari zangu ziwe nzuri au mbaya. Figo yangu huku ina madaktari na mashine. Hiyo iliyo kwako ikiharibika, mama, sina nyingine ya kukupa.

Mwanao akupendaye,
Restituta