Unga Mweupe wa Kiungulia

Mjukuu wangu Salma,

Sote wazima hapa Malindi, na nduguyo kaota meno. Unauliza kama ule unga wa kiungulia una madhara. Uliza muuzaji umetiwa nini, hata akikucheka.

Nilipokuwa bi harusi, mama mkwe aliunywa siku tatu, tumbo likamwendesha, akasingizia pilau yangu. "Mrudisheni kwao!"

Nikajitanda kanga, nikamwendea muuza dawa.

"Dawa hunywewa, bibi, haihojiwi."

"Basi siondoki."

Mwishowe akasema: huo unga ni magnesia, aina ya madini, nayo huharisha; ule wa chaki ndio hufunga choo.

Nilirudi nikayasema mbele ya wote. Mkwe hakuniomba radhi. Alisogeza sahani yake akasema, "Haya, nipakulie."

Bibi yako,
Zuwena