Bomba la Inox Lililotoboka Ziwani

UMOJA WA GESI TUMAINI LA ZIWA
Kikao cha Jumamosi, 11 Machi 2023, ukumbi wa parokia, Goma

Waliohudhuria: Edmond Havugimana (Mwenyekiti), Darius Gisubizo (fundi wa kuchomelea), Christa Mukamazimpaka (mwendeshaji wa chelezo cha kuvutia gesi ziwani), Rosine Kavira (Katibu), wanachama saba.
Asiyehudhuria: Guylain, mnunuzi wa bomba. Aliarifu kuwa ana malaria, ya tatu tangu bomba litoboke.

KUMB. NA. 1/2023: KUFUNGUA
Kikao cha saa tatu kilifunguliwa saa tano kasoro dakika kumi, Mwenyekiti alipofika.

KUMB. NA. 2/2023: BOMBA
Fundi alieleza kwamba bomba lililoteremshwa mita mia tatu ndani ya Ziwa Kivu kuvuta gesi limetoboka mara kumi na moja ndani ya wiki sita. Alikumbusha kwamba aliomba inox, yaani chuma kisichoshika kutu, ya kuhimili maji ya chini, yenye chumvi na ile gesi ya harufu ya yai bovu inayokula chuma. Kamati ilinunua inox ya kutengenezea vizuizi vya ngazi.

Mwenyekiti alijibu kwamba bomba lilijaribiwa. Kipande kilifungwa kamba, kikalazwa miezi miwili ufukoni wanapofulia akina mama, kikatoka kinang'aa kuliko kilivyoingia. Fundi aliuliza kama sifa hiyo si ya sabuni. Mwenyekiti alisema: "Maji ya Kivu ni ile ile, ikuwe ya juu ao ya chini." Maneno hayo yameandikwa kwa ombi lake mwenyewe.

KUMB. NA. 3/2023: MATENGENEZO
Mwenyekiti alipendekeza matundu yazibwe, bomba lipakwe rangi ya fedha, na kazi ianze Jumatatu kwa sababu wageni wanakuja kutazama. Christa, ambaye hukaa juu ya chelezo gesi inapopanda, alisema: "Papa Prezida, ile gesi ikitokea ku tundu, mutu anaanguka hata hajakohoa. Niko na batoto bane." Mwenyekiti alimshauri awe na imani.

Kura: waliokubali wanane, waliokataa watatu, Katibu akiwemo. Pendekezo lilipita.

KUMB. NA. 4/2023: MENGINEYO
Fundi aliomba wale wanane wapande chelezo Jumatatu pamoja na Mama Christa, na waandike majina. Mwenyekiti alisema ana mazishi mjini Kiwanja. Alipoulizwa amekufa nani, alijibu kwamba habari bado hazijathibitika. Karatasi, jina la Christa likiwa la kwanza, ilizungushwa kwa wengine, ikarudi na jina hilo tu.

Christa aliitazama, akasema: "Basi na jina yangu mufute." Katibu alilifuta palepale.

Kikao kiliisha saa sita na robo. Kazi ya Jumatatu haina mtu.

E. Havugimana, Mwenyekiti ..............
R. Kavira, Katibu ..............