Transfa ya Gari la Mama Zuhura

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Nimemwaga oili ya transfa tena. Nyeusi, inanuka kuungua. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia kuna unga wa chuma, mwingi kuliko mara ya mwisho. Nimeusugua kwa vidole. Laini bado, haujawa vipande. Nimejaza oili mpya, nimekaza nati, nimenawa mikono kwa mafuta ya taa.

Gari ni la dada yangu, Mama Zuhura wa Newala. Dogo, la Kijapani, limetumika huko kwao kabla halijaletwa Dar. Magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, mtu hawezi kuikata nguvu ya mbele hata akitaka. Hapo ndipo linaponikera. Landrova za kiwandani nilikuwa naziamrisha mwenyewe, sasa sukumeni zote, sasa pumzikeni. Hili linajiamulia. Na hiyo transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma ni kiboksi kidogo, nakibeba peke yangu bila kuhema. Sikiamini.

Juu kule Newala hakuna mwingine mwenye gari la namna hii. Dada alilinunua kwa korosho zake, wakati wanunuzi binafsi walipoanza kuingia mpaka vijijini. Analiendesha mwenyewe, kanga kiunoni. Anapandisha maji toka bondeni kwa mapipa, maana Newala bomba likikohoa watu wanashangilia, na siku nyingine anashusha abiria huku Masasi. Kiwanda cha korosho kilipofungwa na sisi wa karakana tukarudishwa nyumbani, yeye ndiye aliyetulisha, mimi na mke wangu. Hata gereji hii ni mkono wake. Gari hili likinishinda, sijui nitamtazama vipi.

Jumatano, 9 Septemba

Nimelizungusha uwanjani, usukani nimeukata mpaka mwisho. Linasita na kurukaruka kama mbuzi anayevutwa kamba. Nikinyoosha usukani linatulia. Nimezunguka kulia, nimezunguka kushoto, mambo ni yale yale.

Komba alikuwa ananiangalia. Ni fundi pancha, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Mngoni wa Songea, mtani wangu. Babu zake walikuja kuwanyang'anya babu zangu mbuzi, na sisi wajukuu tumerithi matusi. Akasimama katikati ya wateja wake akapaza sauti:

“We mla panya! Gari ya watu umeivalisha viatu vya mume nyuma, vya mke mbele. Sasa inagombana yenyewe!”

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba Mzulu aliyepotea njia hana la kumfundisha mtu, akanyooshe kwanza miguu yake. Wakacheka zaidi. Tairi zenyewe kazifunga yeye, mwezi wa saba, kwa agizo langu. Mbili mpya, nikamwambia azipeleke nyuma kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Kiwandani tulifanya hivyo miaka yote na hakuna gari lililolalamika.

Nashuku beringi.

Ijumaa, 11 Septemba

Leo nimeishusha transfa. Propela kwanza, kisha bolti moja moja. Moja ilikataa, nikaipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mke wangu kanipa ungo wake wa zamani, nimepanga vyuma humo kwa mpangilio wa kutoka, ili nisije nikabaki na kimoja nisichojua kwao wapi.

Beringi ya nyuma ina mchezo, inatikisika. Si mkubwa, ila upo. Sili imekauka. Basi nimepata cha kushika. Nimemwagiza dereva wa basi aniletee spea toka Dar.

Kuna jambo moja halikai vizuri. Shafti imegeuka rangi, buluu buluu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Hilo ni joto kali, na beringi yenyewe haijachoka kiasi hicho. Nimejiambia beringi mbovu nayo hupata joto. Nimelifunika kwa gunia.

Jumapili, 13 Septemba

Dada kashuka kwa lori la watu. Hakuuliza gari litakuwa tayari lini. Kaingia jikoni, kamkabidhi mke wangu kifurushi cha samaki nchanga, panya wetu wa shambani, wamekaushwa vizuri. Komba kaona toka ng'ambo. Nimetukanwa mpaka jua linazama.

Anasema huko juu watu wanagombania ndoo. Wateja wake wameanza kumfuata mwenye punda. Nikaanza kumweleza habari za beringi, akanikatiza kwa upole.

“Mimi gari silijui, mdogo wangu. Nakujua wewe.”

Ningependa angenigombeza.

Alhamisi, 17 Septemba

Spea zimefika. Nimefunga beringi mpya, sili mpya, gaskiti nimeikata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Kila bolti imerudi kwake, ungo umebaki mtupu. Nimeenda na gari mpaka Chiwata na kurudi. Halina kelele.

Niliporudi niliingia chini nikaweka kiganja kwenye transfa. Nikakitoa haraka. Moto. Lakini jua la leo lilikuwa kali na barabara ina mchanga, chuma gani kisingepata joto.

Kwenye kona ya lango bado linaruka. Nadhani limepunguza. Au nataka liwe limepunguza. Ni mali ya dada na riziki yake, na ananisubiri mimi tu. Nimempelekea salamu aje, gari tayari.

Jumamosi, 19 Septemba

Dada kachukua gari lake asubuhi. Kaliwasha, kalisikiliza, kacheka peke yake. Hajacheka hivyo tangu mwezi uliopita.

Komba kaenda naye. Msimu unakaribia, malori ya wanunuzi yanaanza kupanda Newala, anasema huko pancha ni nyingi kuliko huku. Kakaa nyuma na mapipa matupu na mtarimbo wake. Kaniachia ufunguo wa kibanda na matusi ya kunitosha wiki nzima.

Kumepoa ng'ambo. Nimemaliza kazi mapema.

Jumatatu, 21 Septemba

Dereva wa lori kaleta habari. Jana dada alikuwa anapandisha maji toka bondeni, mapipa yamejaa, Komba kampa msaada wa kuyapakia na kapanda nyuma kuyashikilia. Katikati ya mlima gari likakaza. Kisha kitu kikapasuka chini, nguvu ikaisha, likaanza kurudi nyuma. Breki hazikutosha kwa mzigo ule. Likaingia mtaroni.

Dada ana michubuko. Komba pipa limemwangukia. Mguu umevunjika juu ya goti.

Nimefunga gereji. Kesho napanda.

Jumanne, 22 Septemba

Gari bado liko mtaroni, limeinama upande mmoja. Nimelala chini yake tangu asubuhi. Kasha la transfa limepasuka, oili imemwagika yote mchangani. Nimetoa vyuma nikavipanga juu ya kanga kuukuu ya dada. Beringi yangu mpya imeungua. Mpya ile, ya Alhamisi. Cheni ya ndani imekatika. Shafti imekuwa buluu mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hiyo ugonjwa haukuwa beringi. Beringi nayo ilikuwa inaumwa tu kwa ugonjwa wa mwingine.

Nikakaa chini nikalitazama gari. Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa naangalia tairi, siangalii kitu. Halafu nikaona. Nikachukua kamba ya kufungia mapipa, nikaizungusha tairi ya mbele, nikapiga fundo. Nikaipeleka nyuma. Fundo halikufika. Nikaona labda nimekosea, nikarudia upande wa pili. Halikufika.

Za mbele ni ndogo na zimelika. Za nyuma nilizonunua ni pana, nambari tofauti kabisa, na mpya. Kwenye Landrova si neno, ukiwa njia kavu unaikata nguvu ya mbele, kila upande ukazunguka utakavyo. Hili halikatwi. Mbele inataka kuzunguka mara nyingi, nyuma inataka chache, na kiboksi cha katikati kinavutwa huku na huku bila kupumzika. Masasi, Newala, bondeni, kupanda, kushuka. Kimejipika chenyewe. Hata ningefunga beringi za dhahabu.

Na Komba alisema. Viatu vya mume nyuma, vya mke mbele, linagombana lenyewe. Alisema mbele ya watu na mimi nikamjibu kwa tusi. Najua hakujua anachosema, alikuwa anatafuta tusi. Lakini angelisema dada, au mteja, au mpita njia yeyote, ningeinama nikaangalia. La mtani huliangalii. Unalipokea, unalirudisha, mmemalizana.

Naona aibu.

Jumatano, 23 Septemba

Nimeenda hospitali. Komba yuko kitanda cha karibu na dirisha, mguu umefungwa na kuning'inizwa kwa jiwe. Kakonda usoni. Aliponiona macho yakamchangamka, akatulia kusubiri. Wodi nzima ikasubiri, hata muuguzi alisimama mlangoni. Mtani haji hospitali na huruma. Anakuja kumwambia mgonjwa anajidekeza, anakula bure chakula cha serikali.

Sikuweza. Nikamwambia kosa ni langu. Nikamwambia tairi hazilingani, niliagiza mimi, gari liliruka kwenye kona nikaliona, transfa ilikuwa moto nikaishika, na bado nikamwita dada aje kulichukua.

Akacheka. Akacheka mpaka akashika paja.

“Mnamsikia huyu mla panya? Mguu hautoshi, kaja kunivunja na mbavu.”

Nikarudia. Nikasema Komba, sitanii. Akawaambia majirani zake nimekariri vizuri, tena uso nimeukunja kama shehe. Wakacheka wote. Nikarudia mara nyingine, sauti ikanitetemeka, hiyo ndiyo ikawaua kabisa. Muuguzi kaniomba nitoke, mgonjwa anautikisa mguu.

Nimetoka na machungwa niliyomletea. Nimekumbuka nikiwa barabarani. Nimejichukia.

Ijumaa, 25 Septemba

Ningeweza kuliacha. Nimelifikiria hilo jana kutwa. Komba anaamini ni ajali, dada anaamini ni mlima na mzigo. Transfa hupasuka, nani atabisha. Lakini Komba ana familia Songea, na anaweza kutoka pale akichechemea maisha yake yote, halafu mimi nivuke barabara kila asubuhi nikamtanie mwendo wake. Sitaweza.

Kwetu, jambo zito likiwa kati ya watani, anatumwa mwingine alipeleke. Dada kwa kabila naye ni mtani wake, ila Komba hajawahi kumtania. Tangu anamjua humwamkia shikamoo na kuinamisha kichwa. Akisema dada, atasikia. Lakini ili dada aseme lazima kwanza ajue yeye.

Nimemwambia dada leo, hapa kwake, baada ya chakula. Nimemwonyesha na kamba. Aliizungusha mkononi, akagusa fundo, hakuniuliza habari za gari hata kidogo.

“Kwenye ile kona, uliliona linavyoruka?”

“Nililiona.”

“Kabla hujaniita.”

“Kabla.”

Akainuka akachota maji ya kutawadha. Kata moja tu, hapa maji hayachezewi. Kasali, kakaa sana juu ya mkeka. Alipomaliza akasema Jumapili tutakwenda wote. Kisha akaingia ndani. Usiku huu chakula kaniletea shemeji, mumewe, si yeye.

Jumapili, 27 Septemba

Tumekwenda saa ya kuona wagonjwa.

Komba akamwamkia. Dada akaitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwita Baba Flora. Akamwambia Jumatano hukutaniwa, Baba Flora. Mdogo wangu alisema kweli. Akalieleza kwa maneno machache, tairi, kona, joto, na kwamba niliyajua yote hayo nikanyamaza. Hakunisingizia wala hakunitetea.

Komba akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi bado, nilimwona, akisubiri nicheke ili naye acheke. Nikatazama chini. Akageukia mguu wake, akautazama pale juu ulipofungwa. Jirani wa kitanda cha pili alianza kusema kitu cha kuchekesha, akaacha.

“Asante kwa kuja, ndugu Bakari,” akasema.

Miaka yote tuliyokaa tukitazamana, hajapata kuniita jina langu. Sikujua hata kama analijua. Alilitamka vizuri, kwa adabu, kama anavyoyatamka majina ya wateja wa mbali. Nikasema pole. Akasema nimeshapoa. Nikaweka machungwa mezani, akashukuru tena.

Dada akasema tumwache mgonjwa apumzike.

Tulipita sokoni. Akachagua nyanya, akazigeuza moja moja, akaziweka kwenye kikapu. Nikakipokea, akaniachia. Tukapanda taratibu kuelekea nyumbani, yeye mbele.