Mkono Ulioinua Kibendera

Nyumbani, meza ya jikoni
Alhamisi asubuhi

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Funga mdomo kwanza, ndipo usome. Mdomo uliotoka nao humu ndani haukuwa mchafu hivyo. Sijui huko uliko mnausukutulia nini.

Haya, u hali gani? Kifua kimepona? Kazi ya kupaka rangi nyumba za watu inakwendaje? Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto unalalamika, nami siujibu, usije ukazoea. Mjomba wako amebadilisha bati la jikoni. Sasa panavuja pengine.

Nakuandikia kwa sababu sauti yako imeshatutosha. Naisema ile uliyojirekodi Jumamosi baada ya fainali ya raga, mkicheka na wenzako, ukairusha. Imepita simu hadi simu mpaka ikafika kwa fundi viatu wetu wa pembeni. Akaniita, "Bibi, njoo usikie huyu anavyomchamba mshika kibendera." Nikasikia. Sauti yako naijua hata ukipiga chafya. "Kipofu yule, na aliyemlea kipofu zaidi." Fundi akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Nikamwambia anirudishie kiatu changu hivyo hivyo, bila kukishona.

Aliyemlea ni mimi, Chiriku. Runinga ilikuonyesha mkono na kibendera tu. Mkono ule ni wa dada yako, mtoto wa mama yako mdogo, uliyekuwa ukigombania naye shuka humu humu. Mwaka huu ndio wamempandisha kwenye mechi kubwa, akatuziba midomo ili ujionee mwenyewe. Umejionea.

Nilikuwa jukwaani, nimevaa miwani aliyonichagulia yeye. Kijana wetu alipokata kona na lile yai lao wanaloliita mpira kwapani, mguu wake ulikanyaga mstari, chokaa ikaruka. Niliiona. Nikaomba moyoni dada yako asiione. Akainua kibendera: katoka nje, alama hazihesabiwi. Kombe likaenda zake. Timu ile ni yake pia. Alifika nyumbani akalia na viatu miguuni.

Unajua anauza miwani. Basi wiki hii wanaingia dukani wasio na shida ya macho. Mmoja alimtaka asome ule ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa. Akausoma wote, wakampigia makofi ya kejeli. Mwingine akafungulia sauti yako pale kaunta, duka zima likasikia. Aliporudi akaniambia, "Bibi, ni Chiriku." Basi.

Jana nimekikuta kibendera chini ya sinki, kimefanywa tambara la kufutia sakafu. Jumamosi hii ana mechi nyingine na amesema haendi, wala hatakwenda tena. Matusi ya wageni aliyazoea tangu alipoanza. Lako ndilo lililomlaza.

Tangu alfajiri sikaliki. Nimekwenda kufunga dirisha lililofungwa, nimechemsha maji nikasahau ya nini. Yumo chumbani, nasikia kitanda kikilia kila anapogeuka.

Na usiniambie hukujua. Hukujua, ndiyo. Ungekuwa mkono wa mtoto wa nani, basi, ndipo tusi lile liwe halali? Refa hukosea, mpishi huunguza, na wewe ulimpakia mtu ukuta wa kijani alipotaka bluu. Nani alikutukania bibi yako? Tena huyu hata hakukosea.

Mjomba wako anakusalimu. Mama yako mdogo hakusalimu. Nimembembeleza asikulaani, na hapo nimejitahidi. Msalimie yule mwenzako mnayekaa naye, mwambie kicheko chake nacho nimekisikia.

Mungu akushike unapopanda ngazi zako, na ulimi wako aushike zaidi.

Ni mimi nikupendaye, leo kwa shida,
Bibi yako, yule kipofu

Jirani ataipiga picha barua hii akutumie. Ukiisha kuisoma mpigie dada yako, usimwandikie, akusikie kwa sauti ile ile. Kisha ujirekodi tena, utaje jina lako kamili, na uirushe kote ulikorusha ile ya kwanza. Mimi usinipigie mpaka niuone mkono ule ukifua kibendera.